Nina laki na nusu, nataka kuuza urembo na zawadi

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Mbagala Rangi Tatu, nilikuwa nauza duka la mtu nikaacha baada ya kujifungua. Mwezi uliopita nimepokea mchezo, nimetoa madeni yote nimebaki na laki na nusu ambayo nataka niianzie biashara ya urembo, yani cheni, hereni, bangili, na zile zawadi za kufunga kwenye boksi. Sasa mume wangu anasema hela haitoshi nisubiri mpaka ipatikane ya fremu, rafiki yangu anasema niagize China ndo kuna faida, na jirani anasema nikachukue mzigo Kariakoo nitembeze maofisini. Nimechanganyikiwa na naogopa, maana hii hela ikipotea sijui nitaipata lini tena. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu hongera, kupokea mchezo ukalipa madeni na bado ukabakiza kitu cha kuanzia sio jambo dogo kabisa. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu barua zinazofanana na yako ni nyingi, wengine wana elfu themanini, wengine laki mbili, lakini wasiwasi ni ule ule.

Tuanze na fremu. Hiyo isahau kwa sasa. Wenye fremu wengi hapa Dar wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwahiyo hata ukipata ya laki moja kwa mwezi tayari ni laki sita hujanunua hata hereni moja, hujaweka shelfu, taa wala kioo, na urembo bila kioo hauuziki, mtu lazima ajione. Mumeo yuko sahihi kwamba fremu inataka hela, ila biashara hii sio lazima ianzie huko. Watu wengi sana wanaouza urembo vizuri mjini hapa walianzia kwenye simu na begi la mkononi.

China nako usiende sasa hivi. Ni kweli mzigo mwingi wa urembo unaouona Kariakoo unatoka Yiwu, mji uliopo jimbo la Zhejiang, una soko kubwa mno la vitu vidogo vidogo na wafanyabiashara wetu wanaujua kuliko wanavyoijua mikoa mingine ya kwao. Lakini faida ya kuagiza inatokana na wingi. Ukiagiza kidogo, ukijumlisha bei ya kitu, hela ya ajenti, usafiri na ushuru unakuta pisi moja imekufikia kwa bei ile ile ya jumla ya Kariakoo au zaidi, alafu hujaishika, hujui rangi yake halisi, na ukituma kwa meli ni wiki na wiki unasubiri huku hela yako iko baharini. Wewe huna hela ya kusubiri. Waache wenye makontena wahangaike na hayo, wewe chukua kwao pisi chache leo, jioni uwe umeshauza mbili.

Na hapa ndo nataka unielewe vizuri maana ndo jibu langu lote. Hela ndogo inauawa na kulala. Watu wanaenda na laki yao Kariakoo, wanaona vitu vinang'aa, wananunua kila walichokipenda wao, wanarudi na mfuko umejaa na mfukoni hamna kitu, baada ya wiki mbili hereni nne zimeuzika na nyingine zote zipo tu, na wateja wanaulizia kitu ambacho hawana na hela ya kukifuata hakuna. Hapo wanasema biashara ya urembo hailipi. Inalipa, ila hela yote imegeuka kuwa hereni ambazo hakuna aliyeziomba.

Kwahiyo mimi nakushauri uanze na zawadi za oda, urembo uingie ndani ya zawadi. Sababu yake ni hii, mtu wa zawadi anakubali kutoa advansi. Mtu anayetaka cheni ya kuvaa mwenyewe anataka aione, aivae, apunguziwe ndo atoe hela. Lakini mtu ambaye birthday ya mchumba wake ni Jumamosi anataka uhakika, na akitoa nusu leo anakuwa na amani. Ile nusu ndo inaenda kununua vitu. Yani mtaji wako unakuwa hela ya mteja, na laki na nusu yako inakaa kama mto wa kulalia.

Nikupe mfano wa boksi moja, bei zinabadilika kila mara kwahiyo nenda kahakikishe mwenyewe. Tuseme cheni ya stili umechukua kwa 4,000, boksi 2,500, chokoleti 3,000, kadi 500, riboni na zile karatasi za kujazia 1,000. Jumla 11,000. Ukimuuzia mteja 22,000, nusu yake ya advansi ni 11,000, imeshalipa vitu vyote. Ile nusu ya pili ukikabidhi inatoa nauli yako ya kwenda Kariakoo, bando, muda wako wa kufunga, na inayobaki ndo faida. Bodaboda ya kupeleka mteja analipa mwenyewe, na umwambie tangu mwanzo, usimshtukizie mwisho. Ukiwa na oda tatu nenda mjini mara moja ununue za zote tatu, usipande gari kwa ajili ya boksi moja.

Hiyo laki na nusu ningeigawa hivi. Elfu sitini nunua urembo kidogo wa kuonyesha na kuuza rejareja, designi chache ambazo haziishi fasheni: cheni nyembamba, hereni ndogo za kubana, bangili, labda na vikuku viwili vitatu. Elfu thelathini na tano iwe ya vifungashio, yani maboksi ya saizi mbili, riboni, kadi, vimfuko vya zipu. Elfu ishirini nauli na bando. Ile thelathini na tano inayobaki usiiguse kabisa, hiyo ni kwa siku mteja wa uhakika amekuja jioni na duka lina kitu kizuri kimoja kimebaki.

Ukifika Kariakoo usinunue siku ya kwanza. Zunguka kuanzia mtaa wa Kongo na Aggrey, uliza maduka matatu manne kitu kile kile, uliza jumla inaanzia pisi ngapi na kama wanaruhusu kuchanganya designi, maana wengine watakwambia lazima dazani ya aina moja na dazani nzima ya aina moja kwako ni mzigo wa kulala. Nenda siku za katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi mtu hana muda na wewe. Kuhusu mawinga, wale wanaokudaka barabarani wakupeleke madukani, ni vijana wanaotafuta riziki na wengine ni waaminifu sana, lakini winga lazima aweke cha juu chake, sasa wewe mwenye mtaji mdogo hicho cha juu ndo faida yako yenyewe. Jifunze mlango wa duka, rudi hapo hapo mara kwa mara, mwenye duka akishakuzoea atakutumia picha za mzigo mpya kwa WhatsApp kabla hujapanda gari.

Sasa suala la ubora, hapa naomba tuongee kwa uchungu kidogo kwa sababu watu wanaumizwa. Urembo wa bei rahisi upo wa namna kuu mbili. Kuna aloi, mchanganyiko wa shaba na zinki na vinginevyo uliopakwa rangi ya dhahabu juu kwa wepesi sana, na kuna stili, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Joto la Dar unalijua, mtu anatoka jasho, jasho lina chumvi, akiongeza na pafyumu na losheni ile rangi ya juu inaisha haraka, shaba ya ndani inatoka na kuacha alama ya kijani shingoni. Stili inayoandikwa 304 au 316L inavumilia maji na jasho vizuri zaidi. Watu wanapima na sumaku, ni sawa, sumaku ikivuta kwa nguvu ujue mara nyingi ni chuma cha kawaida na kitashika kutu, lakini isipovuta usishangilie maana shaba nayo haivutwi. Njia ya uhakika kwako ni kununua moja, uivae mwenyewe mchana na usiku, uoge nayo, upikie nayo, wiki mbili tatu. Ikipauka usiichukue tena.

Pia kuna watu hereni zinawawasha masikio yanavimba mpaka yanatoa maji. Mara nyingi ni nikeli, madini yanayowekwa kwenye urembo mwingi wa bei nafuu. Mteja akikwambia ana hilo tatizo usimuuzie aloi kwa kumwambia atazoea, hatazoea. Hata kwa stili mwambie ajaribu kwa muda mfupi kwanza.

Na mwambie mteja kitu ni nini. Kama ni stili sema stili, kama ni aloi sema aloi ya kuvalia siku ya shughuli, usiseme gold. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu, hiyo haiwezi kuuzwa elfu kumi na mtu yeyote duniani, na fedha halisi ya kuvaa inagongwa 925 kwa sababu asilimia 92.5 ni fedha. Aloi inauzika vizuri tu kwa jina lake, watu wa kitchen party na send-off wanataka seti kubwa inayoendana na kitenge au sare kwa usiku mmoja na hawana shida, shida ni kudanganywa.

Matangazo: tengeneza maboksi mawili ya mfano, yapige picha asubuhi mlangoni kwenye mwanga wa kawaida, chini tandika kanga au shuka jeupe, weka status. Na andika bei. Hii tabia ya "bei njoo inbox" mimi siipendi kabisa, mteja anayeona aibu kuuliza anapita kimya, na wengi wetu tuna aibu ya kuuliza bei. Weka za aina tatu, tuseme 15,000 na 22,000 na 40,000, hasa kwa ajili ya wanaume, wanaume wengi hawajui wachague nini wanataka uwaambie chukua hii. Na wanaume hao hao watakutafuta tarehe 13 Februari saa nne usiku, kwahiyo tangaza mwisho wa kupokea oda na ushikilie hapo.

Andika kwenye kalenda Eid zote mbili, Krismasi, Valentaini, siku ya mama ambayo ni Jumapili ya pili ya Mei, mahafali za shule za mtaani kwako. Katikati ya hizo kuna birthday kila siku ya Mungu, ukimuuzia mtu zawadi ya birthday andika tarehe na jina kwenye daftari, mwakani wiki mbili kabla mtumie salamu na picha mbili. Watu wengi hawafanyi hivi na ni bure kabisa.

Kuhusu kutembeza maofisini kama jirani alivyosema, ni wazo zuri kwa siku moja au mbili za mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, ila una mtoto mchanga, usijiue. Mtafute mtu mmoja tu ndani ya kila ofisi au saluni, muachie kadi yenye namba na picha.

Hela ya biashara iweke kwenye laini nyingine ya simu peke yake, isichanganyike na ya mboga. Mumeo mwonyeshe daftari kila mwisho wa wiki, nina imani mwezi wa tatu yeye ndo atakuwa anakuletea oda za kazini kwake.

SWALI: Mambo vipi, mi kijana niko Arusha nataka niuze zawadi za vidani kwa wageni na kwa watu wa hapa. Kuna jamaa kaniambia ana vijiwe vya tanzanite anauza bei poa sana kwasababu anavitoa kwa ndugu yake Mirerani, nivichukue niwe natengenezea vidani?

JIBU: Usivichukue mdogo wangu. Tanzanite inachimbwa sehemu moja tu inayojulikana duniani, hapo Mirerani wilayani Simanjiro, ilitambulika mwaka 1967, na serikali iliizungushia ukuta wa kilomita zaidi ya 24 mwaka 2018 kwa sababu ya hiyo hiyo biashara ya kupitisha kwa ndugu. Kununua na kuuza vito ghafi au vilivyokatwa kunahitaji leseni kutoka Tume ya Madini, kuna ya udalali na kuna ya mfanyabiashara mkubwa, na masoko rasmi ya madini yapo tangu 2019. Ukikamatwa na vijiwe huna karatasi utapoteza mtaji na uhuru wako. Hapo tunazungumzia kama ni vya kweli, maana vioo vya rangi ya bluu vinauzwa kwa jina la tanzanite kila siku na wewe kwa macho hutavijua.

Uko Arusha, una kitu kingine mkononi. Shanga. Kina mama wa Kimaasai wana ufundi ambao mgeni anausafiria kutoka mbali kuja kuuona, na shanga zenyewe za kioo, uzi, waya, mpira na koleo ndogo unaweza kuanza navyo kwa hela ya kawaida. Tafuta mama mmoja au wawili mkubaliane bei ya kazi kwa kila pisi, uwalipe siku hiyo hiyo wakikabidhi, wewe kazi yako iwe designi za mjini na kuuza: bangili yenye jina la mtu, kishikio cha funguo, hereni nyepesi za kuvaa ofisini. Naomba sana usiwapunje. Bangili yenye jina inachukua masaa, mtu anayelipwa vibaya atakuletea yenye uzi uliolegea na shanga zitamwagika kwenye mkono wa mteja wako. Na usiwategemee watalii peke yao, kuna miezi ya mvua ya masika hawapo, mtu wa Sakina na Ngaramtoni anayesherehekea birthday yupo mwaka mzima.

SWALI: Dada nipo Mwanza nina kabiashara kangu ka zawadi kanaendelea vizuri, nataka nikope kwenye zile app za simu laki tatu nijaze mzigo wa Valentaini alafu nirudishe baada ya hapo, unaonaje?

JIBU: Naona hapana, na naomba unisikilize. Nyingi ya hizo zinataka hela ndani ya siku chache na riba yake ndo watu wakaiita kausha damu. Ukichelewa kidogo wanaanza kupigia simu watu waliopo kwenye simu yako, mama mkwe, bosi, mchungaji, wateja. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya app 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali na kuzifungia, na nyingine zikirudi zinarudi na jina jipya, kwahiyo kabla ya kukopa popote hakikisha kwanza kama anayekopesha ana leseni. Valentaini ni siku moja, maua na maboksi mekundu yakibaki tarehe 15 hayana wa kumuuzia mpaka mwakani, lakini deni linaamka na wewe kila asubuhi.

Fungua oda mapema, mwezi wa kwanza mwishoni, uchukue advansi, nunua kwa idadi ya oda pamoja na ziada kidogo. Kama unataka kukua, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako uulizie mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani imetengwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Mnakopa kwa kikundi kilichosajiliwa, na hapo chagua wenzako kwa makini kuliko unavyochagua mzigo, maana mmoja akikimbia wote mnabeba. Inachukua muda, kwahiyo usiitegemee kwa Valentaini hii.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Mimi nauza mikufu na vipuli, wanunuzi wangu ni mashoga zangu na majirani, wanachukua wakisema nitakulipa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukifika simu hawashiki. Nikiwakatalia wananiona nna roho mbaya. Nfanyeje?

JIBU: Pole shoga. Badilisha utaratibu kwa wote siku moja, usiwe na wa kumkopesha na wa kumnyima. Andika kwenye status yako kwamba kuanzia leo ni lipa pole pole: mtu achague kipuli chake, umwekee jina, akulipe kwa M-Pesa hata shilingi hamsini hamsini, akimaliza anachukua. Kitu kinakaa kwako. Anayekipenda kweli atalipa, na mara nyingi atamaliza kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu anakitamani. Kwa madeni ya zamani mpigie kila mmoja peke yake, kwa upole, umwambie kiasi anachodaiwa na umuulize anaweza kutuma kiasi gani leo, usiwataje kwenye status wala kwenye grupu. Asiyelipa asichukue kingine mpaka amalize, hata akiwa binamu yako.

SWALI: Nauza hereni na zawadi kwa simu tu hapa Dodoma, je TRA wananihusu?

JIBU: Wanakuhusu, usiogope. TIN, yani namba ya mlipa kodi, inatolewa bure, kajiandikishe. Kwa mfanyabiashara mdogo mmoja mmoja ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4, kodi ya mapato ni sifuri. Angalia hapo ni mauzo, sio faida, kwahiyo ukiuza wastani wa laki tatu na nusu kwa mwezi umeshaivuka. Viwango hivi vinaguswa kwenye bajeti ya mwezi wa sita, ukisikia imesomwa pita ofisini kwao uulize na daftari lako la mauzo mkononi. Kuhusu leseni ya biashara, kaulizie halmashauri.